Msikiti Uliobomoka Bado ni Msikiti: Ziara ya Kilwa Kisiwani na Hukumu Zake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika Suratul Hajj, aya ya 45 na ya 46, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anataja visima vilivyoachwa na majumba imara yaliyobaki matupu, kisha anawalaumu wale wasiotembea katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia. Anabainisha kuwa upofu wa kuogopwa si wa macho, bali ni wa nyoyo zilizomo vifuani. Mwambao wetu wa Afrika Mashariki una visima na majumba ya namna hiyo, tangu visiwa vya Lamu hadi kusini mwa Tanzania. Watu wengi huyazuru, hupiga picha, na hurudi makwao. Lakini ni wachache katika sisi wanaojiuliza swali ambalo kwa Muislamu lilipaswa kuwa la kwanza: mahali hapa pana hukumu gani katika sheria?

Makala haya yanahusu mahali pamoja, Kilwa Kisiwani, na mas'ala moja: msikiti uliokwisha kuanguka paa, usiokuwa na imamu wala muadhini, je, bado ni msikiti? Ili mas'ala ieleweke, yatupasa kwanza tupajue mahali penyewe na watu wake.

Kilwa Masoko na ng'ambo yake

Jina la Kilwa hubeba miji mitatu. Kilwa Kivinje uko bara upande wa kaskazini, nao ulistawi karne ya 19. Kilwa Masoko uko bara vilevile, na ndio makao makuu ya wilaya katika Mkoa wa Lindi. Kilwa Kisiwani ndio mji wa asili, juu ya kisiwa kinachoonekana kwa macho ukisimama bandarini Masoko.

Kutoka Dar es Salaam hadi Masoko ni takriban kilomita 300. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya taabu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yaliuvuka Mto Rufiji kwa pantoni, na wakati wa masika abiria walijua siku ya kuondoka bila ya kuijua siku ya kufika. Leo barabara ni ya lami, lakini Masoko umebaki mji mdogo ulio mbali na njia kuu za wenye haraka. Anayetaka kuvuka hupitia kwanza ofisi ya serikali kuchukua kibali, kisha hupanda mashua au dau. Mkondo si mpana, na upepo ukiwa mzuri safari ni fupi.

Kisiwani wapo wakazi hadi leo. Ni Waislamu, wavuvi na wakulima, wanaoishi kando ya magofu ya mji wa wazee wao. Mwenye kuzuru asisahau jambo hili. Anaingia katika kijiji cha watu walio hai, na salamu ni haki yao kabla ya kuyatazama mawe.

Jengo linalomkabili mgeni mapema ni Msikiti Mkuu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ndani mna safu za nguzo, nyingi zikiwa za pembe nane, na juu yake matao na kuba, baadhi zimesimama na baadhi zimeanguka, na jua hupenya hadi sakafuni. Nje kidogo pana kisima na mahali pa kutawadhia. Mihrabu iko katika ukuta wa kaskazini, nayo haikuwekwa kwa kubahatisha. Kilwa iko nyuzi 39 na nusu mashariki, na Makka haifiki nyuzi 40. Kwa hiyo kibla ya Kilwa ni kaskazini karibu moja kwa moja. Waliojenga ukuta ule walikuwa watu wa bahari wenye kuzijua nyota, wakaitumia elimu yao ya safari kuielekea Al-Kaaba.

Walioujenga mji huu ni nani?

Tunayo njia tatu za kuwajua watu wa Kilwa: vitabu, sarafu na ardhi yenyewe.

Kitabu mashuhuri ni As-Sulwa fi Akhbar Kulwa, tarikh ya Kiarabu iliyotungwa katika karne ya 16. Nakala yake iliyonukuliwa Zanzibar mwaka 1877 ilipelekwa Uingereza, ikahifadhiwa London, na maandishi yake yalichapishwa huko mwaka 1895. Masimulizi yanayokaribiana nayo yalikwisha kuandikwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552.

Tarikh hiyo inasimulia kufika kwa watu wa Shirazi, na kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Kisa hiki kinajulikana na wengi. Kinachosahauliwa ni sentensi chache zilizo ndani yake, nazo zina uzito mkubwa. Kitabu kinasema kuwa wageni walipofika walimkuta hapo Muislamu pamoja na watoto wake, akiitwa Muriri wa Bari, na waliukuta msikiti. Basi hata tarikh iliyoandikwa ili kuwasifu watawala wa Kishirazi inakiri kwamba adhana ilitangulia mbele ya jahazi lao. Wale wanaodai kuwa Uislamu wa mwambao ni jambo la wageni peke yao, na wenyeji walikuwa watazamaji tu, hawana dalili katika kitabu hiki.

Ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea miaka ya 1960, akachapisha matokeo mwaka 1974. Alionyesha kuwa watu walikaa hapo tangu karne ya 9 hivi. Ama zama za Ali bin al-Hasan, wanahistoria wamekhitalifiana. Chittick alimweka mwishoni mwa karne ya 12. Lakini mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zikiwa pamoja na dinari za Kifatimiyya za karne ya 11, na wengi sasa wanauona utawala wake kuwa wa zama hizo.

Sarafu zenyewe ni somo. Ni vipande vidogo, vya Kilwa vikiwa vya shaba, vyenye maandishi kwa mtindo wa saj'i. Upande mmoja kuna jina la mtawala, na upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yenye mwisho unaolingana na jina hilo. Mtu alipokwenda sokoni kununua samaki, mkononi mwake alishika tamko la tawakkul. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, nchi ya bara iliyotoa dhahabu ambayo Kilwa iliifanyia biashara kupitia Sofala.

Ibn Battuta na sultani mkarimu

Mwaka 731 Hijiria, yaani 1331, msafiri wa Tanja, Ibn Battuta, alifika Kilwa kwa bahari akitokea Mombasa. Aliwakuta watu wa mwambao huu wakifuata madhehebu ya Imam Shafii, na aliwasifu kwa dini na wema. Sultani wa Kilwa alikuwa huyo al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Ibn Battuta anaeleza kwamba sultani alikuwa akiitenga khumsi ya ngawira na kuitumia kama ilivyoelekezwa katika Qur'ani, na kwamba masharifu kutoka Iraq, Hijazi na kwingineko walikuwa wakimjia kwa fungu lao. Anasimulia pia kisa cha fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa, naye akazivua na kumpa.

Tarikh ya Kilwa inaongeza kwamba sultani huyu katika ujana wake alisafiri kwenda kuhiji na akakaa Aden miaka miwili akitafuta elimu. Ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, juu ya mwinuko upande wa mashariki ya mji, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linaloonekana hadi leo.

Hapa mwanafunzi wa historia ajifunze kitu katika njia ya kutafiti. Ibn Battuta anasema kuwa majengo ya Kilwa yalikuwa ya mbao. Lakini mchimbaji ameonyesha kuwa msikiti wa mawe ulikuwa umekwisha kusimama wakati huo. Maandishi na ardhi yamepingana. Msafiri alisimulia kumbukumbu zake baada ya miaka mingi, tena kwa kumsomea mwandishi mwingine. Hatumkadhibishi mtu mkweli kwa jambo moja, wala hatuufumbii macho ukuta uliosimama. Wanavyuoni wetu wa Hadithi walitufundisha kuipima kila habari peke yake, na kanuni hiyo inafaa pia kwa historia.

Msikiti ulioanguka, na mithqali 1,000

Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12. Katika karne ya 14 ilizidishwa sehemu kubwa upande wa kusini, na huo upanuzi unanasibishwa na al-Hasan bin Sulaiman. Kisha msikiti ukaanguka. Tarikh inasema kuwa ulianguka katika zama za Abul Mawahib, na ukabaki hivyo hadi zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Adil, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15.

Watu wa Kilwa walifanya nini katika muda huo mrefu? Tarikh inasimulia kuwa waliendelea kuswali pale pale penye msikiti wao ulioanguka, chini ya mahema na vivuli vya kutandazwa. Mahali palibaki msikiti, ingawa jengo lilikuwa limekwenda.

Kisha ikatokea habari ambayo kila mjumbe wa kamati ya msikiti anapaswa kuijua. Bwana mmoja aliyekwisha kuhiji alimwomba sultani ruhusa ya kuujenga upya kwa mali yake mwenyewe. Sultani akampa mithqali 1,000 za dhahabu ajengee. Bwana yule alichelea kuwa akizikataa atanyimwa ruhusa, basi alizipokea. Akaujenga msikiti wote kwa fedha zake, na dhahabu ya sultani akaiweka bila kuigusa. Sultani alipofariki, alizirudisha mithqali zote kwa warithi wake. Alitaka thawabu ya nyumba ya Mwenyezi Mungu iwe yake bila ya mshirika, na hakutaka mali ya mtu ibaki mkononi mwake bila haki. Nguzo za pembe nane na kuba tunazoziona leo zinatokana na ujenzi wa zama hizo.

Kuanguka kwa mji

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitisha Kilwa kwa mizinga na kumlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kutoa kodi ya dhahabu. Mwezi wa Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, ukaporwa, na ngome ikajengwa ufukweni. Wareno waliiacha ngome hiyo mwaka 1512, lakini njia ya dhahabu ilikuwa imekatika. Mwaka 1587 Wazimba waliuvamia mji na kuua watu wengi sana.

Mji uliinuka tena katika karne ya 18, na hapa yatupasa kusema kweli hata kama ni chungu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Walitolewa bara na kupelekwa visiwa vya mashamba katika Bahari ya Hindi. Imepokewa na Imam Bukhari katika Hadithi Qudsi kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru na kula thamani yake. Mwenye kuwasifu wajenzi wa kuba na akanyamaza juu ya mkataba huu hajaandika historia, bali ameandika mashairi ya sifa. Historia ya Waislamu haina haja ya kufichwa. Ina haja ya kupimwa kwa mizani ya sheria.

Kilwa si Al-Hijr

Wapo wanaosema kuwa magofu yote ni dalili ya ghadhabu, na kwamba Muislamu asiyakaribie. Hushika Hadithi sahihi ya safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijiria. Mtume (s.a.w.) alipopita Al-Hijr, nchi ya Thamud, aliwakataza Sahaba kuingia katika makazi ya waliojidhulumu ila wawe wenye kulia, akakifunika kichwa chake na kuharakisha mwendo. Aliwaamuru pia wasitumie maji ya visima vyake, isipokuwa kisima alichokuwa akinywea ngamia wa Nabii Saleh (a.s.).

Hadithi hii ni sahihi, na hukumu yake iko pale pale kwa anayezuru Al-Hijr leo karibu na mji wa Al-Ula. Lakini kuipeleka Kilwa ni kukosea katika kiasi, yaani qiyas. Sababu ya katazo ni kuteremka adhabu juu ya kaumu iliyomkadhibisha Mtume wake kwa nassi ya Qur'ani. Kilwa haina nassi hiyo. Watu wake walikuwa watu wa kibla. Walisujudu, walifunga na walihiji; miongoni mwao walikuwamo wema na wenye makosa, kama ilivyo katika mji wowote wa Waislamu. Mwenye kupita Al-Hijr anapita kwa khofu. Mwenye kupita makaburi ya Kilwa anawatolea salamu wenyewe na kuwaombea maghfira. Kuchanganya mahali hapa pawili ni kuwadhulumu waumini waliotutangulia.

Mas'ala: je, bado ni msikiti?

Sasa tumefika kwenye mas'ala yetu. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya msikiti uliobomoka na watu wakauhama.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya mwambao huu tangu zama za Ibn Battuta na kabla yake, hukumu iko wazi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijiria, ameieleza katika Minhaj: msikiti ukianguka na isiwezekane kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote ile. Washereheshaji wa Minhaj wametaja sababu yake. Mahali pale panawezekana kuswaliwa na kufanyiwa itikafu papo hapo, juu ya ardhi tupu. Wakfu wa msikiti haukuwekwa juu ya paa, hata paa likianguka wakfu ukaondoka. Umeshika ardhi yenyewe. Wameongeza kwamba msikiti ukihofiwa kuporomoka, hakimu anaweza kuamuru ubomolewe na mawe yake yajengee msikiti mwingine akiona maslahi, ama sivyo yahifadhiwe. Hayapelekwi kujengea kitu kingine kama kisima.

Wafuasi wa Imam Malik nao hawaruhusu msikiti uliobomoka kuuzwa. Katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa kuna kauli mbili: Abu Yusuf amesema kuwa unabaki msikiti hadi Siku ya Kiyama, na Muhammad bin al-Hasan amesema kuwa unarudi katika milki ya aliyeujenga au warithi wake. Wafuasi wa Imam Ahmad wameruhusu kuuzwa na thamani yake kupelekwa kwenye msikiti mwingine pale manufaa yake yanapokatika kabisa. Wametoa dalili kwa yale yaliyopokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwandikia Saad bin Abi Waqqas kuuhamisha msikiti wa Kufa.

Angalia sasa, ndugu msomaji. Hata kwa kauli ya Hanbali, msikiti hautoki katika hukumu yake kwa kuachwa tu; hutoka kwa kuuzwa au kubadilishwa kisheria. Msikiti Mkuu wa Kilwa haukuuzwa. Hakuna kadhi aliyeubadilisha. Kwa kauli ya madhehebu yetu basi, ni msikiti leo kama ulivyokuwa siku aliyoswali ndani yake al-Hasan bin Sulaiman. Na wazee wa Kilwa walikwisha kuitoa fatwa hiyo kwa vitendo waliposwali chini ya mahema.

Je, kuwekwa chini ya ulinzi wa serikali kunabadili hukumu? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo haya yasiharibiwe, na mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa ajili ya mawimbi, mvua na miti inayopasua kuta. Baada ya kazi kubwa ya ukarabati yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kulinda si kumiliki. Anayezuia ukuta wa msikiti usianguke amefanya jambo la kushukuriwa, na kazi yake haiufanyi msikiti uwe makumbusho.

Adabu na hukumu za mwenye kuzuru

Ikishathibiti kuwa ni msikiti, hukumu zake zinafuata.

*Nia ya safari.* Hadithi ya kutofungwa safari ila kwa misikiti mitatu inajulikana. Haifai mtu kuitakidi kuwa swala ya Kilwa ina fadhila kuliko swala ya msikiti wa mtaani kwake. Safari iwe kwa ajili ya elimu na kupata mazingatio. Jambo hili lina athari katika fiqihi pia. Umbali wa Dar es Salaam hadi Kilwa unazidi marhala mbili kwa hesabu yoyote, lakini wanavyuoni wa Kishafii wamesema kuwa anayesafiri kwa kuona miji tu, bila ya kusudio jingine, hapunguzi swala. Mwenye kusafiri kwa elimu ana kusudio sahihi.

*Twahara.* Mwenye janaba na mwenye hedhi wasikae ndani yake. Haja ndogo na kubwa ni haramu ndani yake, hata kama pameota majani. Viatu safi havibatilishi kitu, lakini kuvivua ndio adabu, na ndiyo itakayowafundisha wengine.

*Tahiyyatul masjid.* Anayeingia akiwa na udhu aswali rakaa mbili kabla ya kukaa. Kwa Mashafii inafaa hata katika nyakati zilizokatazwa, kwa kuwa ina sababu iliyotangulia, maadamu hakuingia kwa kukusudia kuswali wakati ule. Sunna hii ni ya msikiti peke yake. Husuni Kubwa ni jumba la kifalme na Gereza ni ngome, havina tahiyya.

*Makaburi.* Kilwa na Songo Mnara zina makaburi mengi karibu na misikiti. Yasikaliwe wala yasikanyagwe. Kaburi la Muislamu halifukuliwi ilhali mwili haujaoza, ila kwa dharura inayokubalika kisheria, na wanaotafiti wakumbushwe hilo kwa upole.

*Mawe.* Kuchukua jiwe, kigae au sarafu kwa ukumbusho hakufai. Jiwe la msikiti ni mali ya wakfu, na sheria ya nchi inakataza vilevile.

*Wageni wasiokuwa Waislamu.* Katika madhehebu ya Shafii inajuzu kuingia msikitini, usiokuwa wa Haram ya Makka, kwa idhini ya Muislamu. Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) kabla ya kusilimu, akaona, akasikia, na moyo wake ukafunguka. Kwa hiyo hatusemi wageni wafukuzwe. Tunasema waelezwe kuwa hapa ni msikiti, wavae kwa stara na wateremshe sauti. Watu wengi wakielezwa huheshimu.

Wajibu wetu

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijiria, sawa na 1107, na hadi leo unaswaliwa. Umri wake haupungui sana kwa ule wa Kilwa. Kilichoutofautisha na Kilwa ni watu waliobaki kuuamirisha. Katika Suratut Tawba, aya ya 18, Mwenyezi Mungu amewasifu wanaoamirisha misikiti yake, na wafasiri wamesema kuwa uamirishaji ni wa jengo na wa ibada kwa pamoja. Jengo la Kilwa limekarabatiwa kwa juhudi za serikali na wahisani, wengi wao wakiwa si Waislamu. Uamirishaji wa pili hawawezi kutufanyia.

Maimamu na walimu wa madrasa, hili lipo katika uwezo wenu. Wapelekeni wanafunzi Kilwa wakiwa wamesoma mlango wa wakfu kabla ya kupanda mashua. Wafundisheni jina la Muriri wa Bari kama mnavyowafundisha majina ya masultani. Wasomeni kisa cha mithqali 1,000 katika vikao vya kamati zenu. Na viongozi wetu wawaombe wahusika, kwa hekima na kwa barua, kibao kiwekwe mlangoni pa Msikiti Mkuu kitakachomjulisha kila anayeingia kuwa hapa ni msikiti. Kibao hakina gharama kubwa, na rakaa mbili hazibomoi ukuta.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awasamehe waliotutangulia katika imani, aijaze nuru mihrabu waliyoielekea, na atujaalie tuwe warithi wanaoijua thamani ya walichorithi. Wallahu a'lam.